Kikapu Kisicho Kitako

Siku ya kwanza mama alipokuja kuniangalia,
uwanja wa skuli, Wete, mvua za vuli zimeacha madimbwi,
alikaa ukingoni, pishi ya choroko mapajani,
akautazama mpira unaingia, unatoka, unaanguka chini.
"Kikapu gani hicho kisicho kitako?" akauliza.
"Mwanangu Kombo, utakijaza lini?"

Miaka kumi na sita nakijaza.

Sikuwahi kuwa sura kwenye bango.
Nilikuwa yule anayeitwa Januari,
gadi wao akishateguka kifundo:
mkataba wa miezi miwili, chumba juu ya duka la matairi,
jezi ya mtu aliyeondoka, jina lake limebanduliwa
lakini ukiinua kwenye taa
bado unalisoma.

Kutaisi mtangazaji aliniita Komba msimu mzima.
Sikumsahihisha. Komba naye hulala mchana,
hutembea usiku, akilia hulia kama mtoto.

Vijana hapa wananiuliza takwimu.
Takwimu zangu ni nyumba hii ya Limbani.
Msingi ni Kampala: mawe lori mbili,
pesa zilikuja kwa mafungu kama dawa ya kifua.
Kuta ni Aleksandria, msimu wangu bora,
pasi tisa kila mchezo, na matofali ambayo fundi Shaame
akiyagonga yanalia kama chuma.
Mabati ni Kutaisi. Mvua ikipiga
nasikia lile jukwaa la mbao,
watu mia mbili na miguu yao.
Vigae vya choo ni Kupro, wiki tano tu.
Vimeishia magotini,
kwa sababu na goti langu liliishia huko.

Na hili dirisha la chumba cha mama, upande wa kusi,
tundu tupu, futi nne kwa tatu,
hili ni mji mmoja wa milimani nisioutaja jina.
Miezi mitatu. Meneja akinikumbatia kila Ijumaa:
"Wiki ijayo, ndugu yangu."
Ndugu yangu: neno hilo nalijua kwa lugha saba
na kwa zote saba
linatangulia kutolipwa.
Mama kaliziba tundu kwa gunia la karafuu
na jezi namba kumi na nne.

Waliniita Kombo kabla sijapinda popote.
Sasa kidole cha shahada, mkono wa kulia,
kimevunjika mara mbili, mara ya pili Aleksandria,
nikakifunga na jirani yake nikamaliza robo ya nne.
Kwenye attahiyatu nakinyoosha, hakinyooki.
Kinaelekea dirishani kidogo.
Mungu anajua nimekusudia wapi.

Jana baada ya Isha wakala kapiga simu.
Bahraini. Gadi wao kaumia. Wiki sita.
"Una umri gani sasa?"
"Thelathini na moja."
"Vizuri," akasema,
naye anajua ni thelathini na saba,
maana ile thelathini na moja kaiandika yeye.

Usingizi haukuja. Nilikuwa nikihesabu:
fremu ya mninga, vioo, nondo, bawaba,
ikibaki, pazia.
Goti sikulitia kwenye hesabu.

Alfajiri nimeazima futi kamba ya Shaame.
Mama kanikuta nimesimama juu ya ndoo,
gunia mkononi, upepo unaijaza ile jezi
kana kwamba kuna mtu ndani.
"Unapima nini?"
"Dirisha, mama. Nataka nikutilie dirisha."
Alinitazama miguu kwanza, kama makocha wote,
akalitazama goti, akalitazama tundu.
"Na paka," akasema, "atapita wapi?"

Sikuwa na jibu.
Nikaisoma kamba: nne kwa tatu,
kama jana.